Qunu, kijiji alichokulia Mandela: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia tarehe 18 Julai, siku aliyozaliwa Nelson Mandela, maswali kumhusu yanaanza kumiminika, na mengi ni yale yale: gereza la Robben Island, Soweto, Winnie, miaka 27 jela. Qunu inatajwa kwa kupita tu. Mimi naamini ukitaka kumuelewa yule mzee unaanzia kijijini, kwenye nyumba za msonge na ng'ombe na mama aliyekuwa analea mwenyewe, ndo maana nimekusanya hapa maswali ambayo watu wanauliza sana, mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili.

Qunu iko wapi hasa?

Iko Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, upande ambao zamani ulikuwa unaitwa Transkei. Mji mkubwa wa karibu ni Mthatha (kwenye vitabu vya zamani utaukuta umeandikwa Umtata) na kutoka pale mpaka Qunu ni kama kilomita 30 tu kuelekea kusini magharibi, barabara kuu ya N2 inapita katikati ya kijiji kabisa. Ni nchi ya vilima vya majani, miti michache, nyumba zimetawanyika mbalimbali huku na huku, usitegemee kukuta mji uliobanana.

Si alizaliwa hapo hapo Qunu?

Hapana, hili linachanganya watu wengi. Alizaliwa Mvezo, kijiji kidogo juu ya mto Mbashe, tarehe 18 Julai 1918. Qunu alipelekwa akiwa bado mtoto mchanga kabisa na ndo alipokulia, ndo kumbukumbu zake zote za mwanzo zilipo, kwa hiyo akisema nyumbani anamaanisha Qunu. Kuna na sehemu ya tatu, Mqhekezweni, hiyo nitaifikia. Ukienda kutembea usichanganye hizi tatu maana kila moja ina habari yake.

Kwa nini familia ilihama Mvezo?

Baba yake, Gadla Henry Mphakanyiswa, alikuwa chifu wa Mvezo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Wathembu, ambao ni sehemu ya Waxhosa. Alikuwa na wake 4 na watoto 13, wavulana 4 na wasichana 9, na Mandela ndo alikuwa mdogo kwa wale wavulana. Sasa kwa jinsi Mandela mwenyewe alivyoisimulia, kulitokea malalamiko kuhusu ng'ombe aliyempotea mwenyewe, hakimu mzungu akamuita chifu aende kujieleza, na chifu akagoma, akajibu kwamba haji. Aliona jambo la watu wake kwa mila zao halimhusu hakimu. Wakoloni hawakutaka mchezo, wakamvua uchifu, na uchifu ukiondoka vinaondoka ng'ombe wengi na ardhi na kipato. Mama yake Mandela, Nosekeni Fanny, akahamia Qunu ambako alikuwa na ndugu na marafiki wa kumshika mkono.

Kwa hiyo maisha ya Qunu yalianza na hasara iliyotokana na mtu mmoja kukataa kuitikia wito wa mkoloni, na yule mtoto alikua akiisikia habari hiyo nyumbani kwao.

Maisha ya Qunu enzi hizo yalikuwaje?

Kijiji kilikuwa na watu mia chache tu, kwenye bonde jembamba lenye vijito vya maji safi. Hakukuwa na barabara, ni njia za miguu tu kwenye majani. Nyumba zilikuwa za msonge, ukuta wa udongo, nguzo moja katikati inashika paa la nyasi, sakafu ni udongo wa kichuguu uliopondwa halafu inasilibwa mavi ya ng'ombe ili ibaki laini. Moshi wa jiko ulikuwa unatokea kwenye nyasi za paa na mlango wenyewe ulikuwa mfupi, unainama ndo unapita. Mama yake alikuwa na nyumba tatu: moja ya kupikia, moja ya kulala, moja ya kuhifadhia chakula. Wanalala kwenye mikeka, mito hakuna. Chakula ni mahindi, mtama, maharage na maboga, mahindi yanasagwa kwa jiwe, maziwa ya ng'ombe na mbuzi hayakosekani.

Akiwa na miaka mitano hivi tayari anachunga kondoo na ndama. Wale tuliokulia vijijini tunaijua hiyo kazi, kwamba ukitoka asubuhi hurudi mpaka jioni na siku nzima ni yenu watoto. Aliwinda ndege kwa manati, akatafuta asali porini na mizizi ya kula, akanyonya maziwa moja kwa moja kwenye chuchu ya ng'ombe, akaogelea kwenye vijito vya baridi. Na kupigana kwa fimbo, huo ndo ulikuwa mchezo mkubwa wa vijana wa Kixhosa, unajifunza kukinga, kukwepa, kupiga huku miguu inacheza. Jioni anarudi kula na familia na mama anasimulia hadithi. Moja alikuwa anaikumbuka mpaka uzeeni: bibi kizee mwenye macho yaliyoziba na ukungu anamuomba msafiri amsafishe, msafiri anageuza uso na kupita zake, anakuja mwingine anamsafisha na yale magamba yanadondoka, bibi anageuka binti mzuri na yule jamaa anamuoa. Baba naye akija kwenye zamu yake anasimulia vita na mashujaa wa Kixhosa. Ukichanganya hizo mbili unapata kitu fulani ambacho shule haitoi.

Wazungu walikuwa hawaonekani sana. Hakimu, mwenye duka, mara moja moja polisi au msafiri anapita. Watoto waliwaona kama watu wa ajabu wa kuogopwa.

Mbona kijiji kilijaa wanawake na watoto tu?

Kwa sababu wanaume walikuwa migodini. Hili ni la msingi sana na watu wengi wanalipita haraka. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilimzuia Mwafrika kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ambayo mwanzo yalikuwa karibu asilimia 7 tu ya nchi nzima, na ya 1936 ndo ikaongeza kidogo kuelekea 13. Ardhi yenyewe pale kijijini ilikuwa mali ya serikali, unalima kama mpangaji. Juu yake kuna kodi na kodi inatakiwa pesa taslimu, mahindi hayalipi kodi, kwa hiyo mwanaume analazimika kwenda Johannesburg kuchimba dhahabu, anarudi labda mara mbili kwa mwaka kulima. Kazi ya jembe na palizi na mavuno inabaki kwa wanawake na watoto. Mtoto anayekulia hapo anaona mfumo wa kibaguzi unavyofanya kazi kabla hajakutana na mbaguzi hata mmoja uso kwa uso.

Alisoma hapo? Jina la Nelson lilitoka wapi?

Ndiyo, alianza shule akiwa na miaka saba, wa kwanza kwenye familia yao kukanyaga darasa. Waliomshawishi mama walikuwa ndugu wawili Wakristo wa ukoo wa Mbekela, marafiki wa baba yake. Mama akawa Mmethodisti na mtoto akabatizwa. Siku ya kwanza ya shule ilikuwa shida ya nguo, maana mpaka wakati huo alikuwa anavaa shuka tu begani. Baba akachukua suruali yake mwenyewe, akaikata magotini, urefu ukakaa sawa lakini kiuno kikawa kikubwa, wakakifunga na kamba. Mandela alisema hajawahi kuvaa suti iliyompa fahari kama ile suruali iliyokatwa. Mimi hii habari huwa inanigusa kuliko hotuba zake nyingi.

Shule ilikuwa chumba kimoja, ng'ambo ya kilima. Siku hiyo hiyo mwalimu, Miss Mdingane, akampa kila mtoto jina la Kiingereza na yeye akapewa Nelson. Nyumbani alibaki na jina lake la kuzaliwa, Rolihlahla.

Hii habari ya punda ni ya kweli?

Aliisimulia mwenyewe. Watoto walikuwa wanapanda punda kwa zamu, ikafika zamu yake, punda akakimbilia kwenye kichaka cha miiba na kumtupa humo, uso wote mikwaruzo na wenzake wanaangalia. Kilichomuuma ni aibu kuliko miiba. Alisema pale ndo alijifunza kwamba kumdhalilisha mtu ni kumpa adhabu ya kikatili isiyo na lazima, na tangu utoto akawa anajitahidi kumshinda mpinzani bila kumvunjia heshima. Ukifuatilia alivyoongea na makaburu kwenye yale mazungumzo ya mwisho wa miaka ya 80, na alivyowatendea baada ya kushinda, utaona lile somo bado lipo.

Aliondoka Qunu akiwa na miaka mingapi?

Hapa kuna majibu mawili. Aliondoka baba yake alipofariki. Kwenye kitabu chake aliandika kwamba alikuwa na miaka 9, lakini taasisi inayotunza kumbukumbu zake, Nelson Mandela Foundation, wanasema baba alifariki 1930 na yeye alikuwa na 12. Kwa hiyo ukikuta tofauti kwenye makala usishangae, siyo lazima mwandishi amekosea.

Baada ya msiba mama akamwambia afungashe. Wakatembea kwa miguu kuelekea magharibi, mama haongei, mtoto anageuka kuziangalia nyumba zao kabla hawajavuka kilima. Jioni wakafika Mqhekezweni, makao ya Jongintaba Dalindyebo, kaimu mfalme wa Wathembu, ambaye aliwahi kusaidiwa na Gadla kupata nafasi ile na sasa akajitolea kumlea yule mtoto kama wake. Mama alikaa siku chache, akamwambia mwanae ajikaze, akarudi zake Qunu.

Mqhekezweni ndo alikojifunza uongozi, alikuwa anakaa pembeni kwenye mabaraza anaangalia jinsi kila mtu anaongea mpaka amalize na chifu anaongea mwisho. Baada ya hapo ni jandoni 1934 kwenye ukingo wa mto Mbashe, shule za Clarkebury na Healdtown, chuo cha Fort Hare, halafu 1941 akatorokea Johannesburg na Justice, mtoto wa Jongintaba, kwa sababu walikuwa wametafutiwa wachumba wasiowataka.

Kama aliishi Qunu miaka michache hivyo, kwa nini anaiita nyumbani?

Swali zuri na nitalijibu kwa kuonyesha alichokikataa. Miaka ya 70 serikali ya makaburu ilikuwa inaunda vile vinchi vya bandia vya Waafrika, na Transkei ikawa ya kwanza kupewa kile walichokiita uhuru, 1976, chini ya Kaiser Matanzima. Matanzima alikuwa ndugu yake Mandela kiukoo, walisoma wote Fort Hare, walipendana. Mwishoni mwa 1976 waziri wa magereza, Jimmy Kruger, akaenda Robben Island na ofa: itambue serikali ya Transkei, kubali kwenda kuishi kule, kifungo chako kinapunguzwa sana. Hebu fikiria, mtu amekaa jela miaka 14, anaambiwa rudi kwenye vilima vyenu, kwenye ng'ombe na makaburi ya wazazi wako. Akakataa. Kuikubali ile ofa ilikuwa ni kukubali kwamba Mwafrika hana haki kwenye nchi yake yote isipokuwa kwenye kile kipande. Akakaa jela miaka mingine 13.

Ndo maana nasema huwezi kutenganisha mapenzi yake kwa Qunu na siasa zake. Aliipenda kiasi kwamba hakutaka kurudi kwa masharti ya waliomfunga.

Mama yake iliishaje?

Vibaya, kwa kweli. Nosekeni alisafiri mbali sana mpaka Robben Island kumuona mwaka 1968, na mwanae aliona amekonda, akaingiwa na wasiwasi. Wiki kadhaa baadaye ikaja simu ya maandishi: mama amefariki kwa moyo. Yeye kama mtoto pekee wa kiume wa mama yake ilikuwa wajibu wake kumzika. Akaomba ruhusa, wakamnyima. Mwaka uliofuata kifungua mimba wake Thembi akafa kwa ajali ya gari, akaomba tena, wakamnyima tena. Mama alizikwa Qunu, na Mandela alifika kwenye lile kaburi baada ya kutoka jela 1990, miaka 22 baadaye.

Alikuta kijiji kikoje?

Alihuzunika. Watu walikuwa maskini vile vile au zaidi, nyumba bado za sakafu ya udongo, umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba zamani kijiji kilikuwa kisafi na maji safi, sasa mifuko ya plastiki imejaa kila mahali na vijito vimechafuka. Wale wanaodhani apartheid ilikuwa mabango ya "wazungu tu" kwenye mabenchi wangeangalia Qunu ya 1990.

Ni kweli alijenga nyumba inayofanana na ya gerezani?

Ndiyo kabisa. Miezi 14 ya mwisho alifungwa kwenye nyumba ya askari magereza ndani ya gereza la Victor Verster, karibu na Paarl. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye vyumba na jiko na bustani, akaizoea. Alipotoka akajenga Qunu nyumba kwa ramani ile ile. Watu wakashangaa, lakini yeye alieleza kwamba anaijua ile nyumba, usiku hatahangaika kutafuta jiko liko wapi. Baadaye makazi yakapanuliwa. Alirudi kuishi hapo uzeeni, alisherehekea hapo miaka 94 Julai 2012, ndipo afya ikazidi kuyumba na akahitaji kuwa karibu na hospitali kubwa.

Ile kesi ya makaburi ilikuwa ya nini?

Nitaipitia haraka maana ni mambo ya familia. Mjukuu wake Mandla, ambaye ni chifu wa Mvezo tangu 2007, mwaka 2011 alihamisha mabaki ya watoto watatu wa Mandela kutoka Qunu kwenda Mvezo. Wanafamilia wengine wakaenda mahakamani Mthatha, na Julai 2013 mahakama ikaamuru yarudishwe, yakazikwa tena Qunu tarehe 4 Julai wakati mzee mwenyewe yuko hospitalini hali mbaya. Nyuma ya ugomvi kulikuwa na suala la mzee azikwe wapi, maana watoto wake walipo ndipo naye angelala.

Mazishi yalikuwaje, na Tanzania ilihusikaje?

Alifariki 5 Desemba 2013 Johannesburg akiwa na miaka 95 na akazikwa Qunu tarehe 15 Desemba. Hema kubwa lilichukua watu kama 4,500, mishumaa 95 imewashwa, mizinga na helikopta za jeshi upande mmoja na mila za Wathembu upande mwingine. Akashushwa kaburini mchana, jua likiwa juu na kivuli kifupi, kama mila inavyotaka. Wanakijiji wengi hawakupata nafasi ya kuingia, wakafuatilia kwenye skrini nje na vilimani, hilo liliwauma wengine na nadhani walikuwa na haki ya kuumia, yule alikuwa mtu wao.

Rais Kikwete alikuwa miongoni mwa waliohutubia. Alikumbusha jinsi Tanzania ilivyowapokea wapigania uhuru, na akasimulia habari ya buti ambazo Mandela aliziacha Dar kwenye safari yake ya 1962 kwa familia ya Nsilo Swai, wakazitunza zaidi ya miaka 30 mpaka zikamrudia mwenyewe. Kwa Watanzania waliokuwa wanaangalia siku ile, ile ilikuwa sehemu yao ya msiba.

Naweza kwenda kuona kaburi?

Hapana. Liko ndani ya shamba la familia na si sehemu ya wageni kuingia. Usijaribu kumpa mlinzi chochote wala kuruka uzio kwa ajili ya picha, ni aibu kwako na kwa tuliobaki.

Sasa nitaona nini nikienda?

Vipo vingi ila ni vya kutulia navyo. Kuna Nelson Mandela Museum, ilifunguliwa 11 Februari 2000, miaka 10 kamili tangu atoke jela, na imegawanyika: jengo la Bhunga pale Mthatha mjini, ambalo zamani lilikuwa bunge la Transkei, na kituo cha vijana na urithi pale Qunu, pamoja na Mvezo alikozaliwa. Kituo cha Qunu kiko kilimani, kutoka pale unaliona bonde lote.

Halafu kuna jiwe. Mwamba mlaini ulioinama ambao watoto walikuwa wanateleza juu yake kutwa nzima mpaka makalio yanauma, Mandela akiwemo. Watoto wa pale wanateleza mpaka leo na wewe mgeni ukitaka unateleza, mtu mzima kabisa, hakuna atakayekucheka. Karibu na hapo ndo ilikuwa ile shule yake ya kwanza. Mwambie mtu wa makumbusho akutembeze maana vitu vingine ni msingi tu wa jengo kwenye majani, bila maelezo unapita hujaona kitu.

Mvezo utaona mabaki ya boma alikozaliwa na mandhari ya mto Mbashe chini kabisa unavyojikunja, pale ndo pazuri kuliko pote kwa macho. Ila kama una siku moja, gawa hivi: asubuhi Bhunga, mchana Qunu, na Mvezo iache kama muda unabana.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Unapanda ndege mpaka Johannesburg, halafu nyingine ya ndani mpaka Mthatha. Au unashukia East London na kuendesha kama kilomita 200 kwa N2. Ukiwa Mthatha kuna zile teksi za abiria wengi, ni daladala au matatu zao, zinazoelekea upande wa Qunu, unamwambia dereva mapema akushushe. Kukodi gari ni rahisi zaidi hasa kama unataka na Mvezo, lakini endesha mchana tu, ng'ombe na mbuzi wanavuka barabara wanavyotaka na usiku huwaoni.

Viza: mwenye pasi ya Tanzania anaingia bila viza mpaka siku 90 kwa mwaka, na Wakenya nao wamepata hivyo hivyo tangu Januari 2023. Angalia kabla ya kukata tiketi maana haya mambo yanabadilika. Na kama unasafiri na watoto, beba vyeti vyao vya kuzaliwa.

Msimu gani mzuri?

Novemba mpaka Machi kila kitu kijani, mvua zipo. Juni mpaka Agosti ni baridi, asubuhi inakata, majani yamekauka rangi ya mchanga, ila ndo kuna tarehe 18 Julai na kijiji kinachangamka. Wa Dar beba sweta la maana.

Chakula vipi?

Hutapata shida. Ukikutana na umngqusho utaona ni makande, au githeri kwa ndugu zetu wa Kenya, mahindi yaliyokobolewa na maharage yanapikwa taratibu muda mrefu. Mandela alikipenda sana. Kuna na amasi, maziwa mgando.

Na hapo kwenye amasi nikupe kisa. Mwaka 1961 Mandela anatafutwa na polisi nchi nzima, amejificha kwenye fleti ya rafiki yake mzungu, Wolfie Kodesh, mtaa wa Wazungu Johannesburg. Akaweka maziwa dirishani yagande kama alivyozoea nyumbani. Jioni anasikia vijana wawili nje wanaongea Kizulu, mmoja anashangaa maziwa yetu yanafanya nini pale dirishani. Akaelewa hapo hapo: hakuna mzungu anayegandisha maziwa dirishani, wameshashuku kuna Mwafrika ndani. Kesho yake usiku akahama. Mwanasheria, kamanda, mtu anayewindwa, na nusura akamatwe kwa sababu ya kutamani maziwa ya kwao.

Nijiheshimu vipi nikiwa kijijini?

Salimia kwanza. Mtu mmoja unasema molo, wengi molweni. Mzee wa kiume unamwita tata, mama ni mama tu kama kwetu. Usipige picha nyumba na watoto wa watu bila kuomba. Mkikutana na vijana wamejipaka udongo mweupe wamevaa blanketi, hao wako jandoni, waache, usiwafuate na kamera. Na nunua kitu: shanga, mikeka, hata soda dukani. Magari mengi ya watalii yanasimama dakika kumi, yanapiga picha, yanaondoka, kijiji hakipati hata senti.

Kuna watu wanasema Mandela hakuwa mwanamapinduzi, alikuwa mtu wa amani tu.

Wanaosema hivyo wamemjua baada ya 1990. Yeye ndo alikuwa kamanda wa kwanza wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama chake cha ANC lililoanzishwa 1961. Alikwenda Ethiopia kujifunza kutumia silaha. Kwenye kesi iliyoitwa ya Rivonia alikiri kupanga hujuma na akasema yuko tayari kufa, na tarehe 12 Juni 1964 akapewa kifungo cha maisha. Marekani ilimuondoa kwenye orodha ya magaidi 2008, akiwa ameshakuwa rais na amestaafu. Msamaha wake ulikuwa wa mtu aliyepigana, na kumpunguza mpaka abaki babu anayetabasamu kwenye fulana ni kumdhulumu.

Siwezi kwenda Qunu mwaka huu. Kuna sehemu ya karibu?

Ipo. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Mandela alitua Mbeya akiwa safarini kwa siri, na kwenye hoteli akakuta weusi na weupe wamekaa barazani wanapiga stori bila tatizo, kitu ambacho hakuwahi kukiona kwao. Alisema kwa mara ya kwanza alijisikia mtu huru. Akaenda Dar akaonana na Mwalimu Nyerere nyumbani kwake, wakatofautiana kidogo maana Mwalimu alimshauri asubiri Sobukwe, kiongozi wa chama kingine cha ukombozi cha PAC, atoke jela kwanza kabla ya vita vya silaha, lakini alipewa karatasi ya serikali ya kumruhusu kutoka na kurudi Tanganyika, na kwa karatasi hiyo akazunguka Afrika.

Ukitaka kitu cha kushika kwa mkono nenda Morogoro, Mazimbu. Pale ANC walijenga shule ya watoto wa wakimbizi wao, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania na sasa ni kampasi ya chuo kikuu cha SUA. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni yapo pale pale, omba tu ruhusa getini, halafu ukitoka kuna Dakawa, makazi mengine ya ANC, upande wa barabara ya Dodoma, na Kongwa huko mbele kulikokuwa na kambi ya wapiganaji wao.